Nani Aamue Kuwa Huyu Ni Mgonjwa? Maradhi ya Akili na Mipaka Yake Katika Historia ya Ituri

Mwaka 2009 Cindy Mels na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule 13 za sekondari za Ituri, mashariki mwa Kongo. Wanafunzi 1046, wenye umri wa miaka 13 hadi 21, walijibu dodoso juu ya mambo yaliyowapata vitani na juu ya hali zao baadaye: usingizi, ndoto mbaya, mshtuko wa ghafla, kukwepa kukumbuka. Katika kila 100, 95 walikuwa wamepatwa na tukio la kutisha lisilopungua moja, na asilimia 52 walifikisha dalili zinazohitajika ili mtu ahesabiwe kuwa na ugonjwa wa kiwewe. Kwa mtu wa Bunia, mji mkuu wa Ituri, hesabu hiyo haishangazi. Mji huu ulipigwa vibaya Mei 2003, wanajeshi wa Uganda walipoondoka na makundi yenye silaha yakaugombania mtaa kwa mtaa, na watoto wa siku zile ndio waliokuwa wanafunzi miaka michache baadaye. Hata hivyo hesabu hiyo ina swali zito ndani yake. Nusu ya darasa ikiwa ni wagonjwa wa akili, basi ama vita vimezaa maradhi kwa kiasi ambacho hakuna hospitali ya Kongo inayoweza kukibeba, ama tumeanza kuita ugonjwa kitu ambacho wazee wetu wangekiita huzuni, hofu, au akili timamu ya mtu anayejua kuwa risasi zinaweza kurudi usiku wowote.

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kutazama dodoso peke yake. Linahitaji historia, kwa sababu mpaka kati ya mgonjwa wa akili na mtu mwenye afya haujawahi kuchorwa na elimu ya tiba pekee. Kila zama umechorwa na mtu au chombo kilichokuwa na uamuzi wa kufanya: familia iliyotaka kujua kama inaweza kuishi na mtu wake, mkoloni aliyetaka utulivu na nguvukazi, shirika la misaada lililotaka kujua nani aingie kwenye mradi, mahakama iliyotaka kujua nani alipwe. Mpaka ulifuata haja ya mchoraji. Sisemi kwamba maradhi yenyewe ni ya kubuni. Mtu akishuhudia kijana anayesikia sauti usiku kucha na kukataa chakula kwa kuamini kina sumu hatathubutu kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba mateso ni ya kweli, ila mstari unaotenganisha mateso na ugonjwa una mwenyewe, na ni vizuri kumjua huyo mwenyewe kabla ya kuukubali mstari wake.

Nyumbani ndiko uamuzi wa kwanza hufanyika. Familia haina haja ya jina la ugonjwa. Inataka kujua kama huyu anaweza kuachiwa mtoto, kama anaweza kwenda shambani na kurudi, kama ataoa au kuolewa, kama usiku atalala ndani au atapotea porini. Mwanaanthropolojia Robert Edgerton alikwenda mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa Wahehe wa Tanganyika, Wakamba na Wapokoti wa Kenya, na Wasebei wa Uganda, akawauliza mamia ya watu wa kawaida mtu mwenye wazimu anajulikanaje. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1966 yanafaa kusomwa hata leo. Jamii hizo nne, zenye lugha na maisha tofauti, zilitaja karibu mambo yaleyale: kutembea uchi, kuzurura bila mwelekeo, kusema maneno yasiyoshikana, kupiga watu bila sababu, kula uchafu, kulala porini. Kuona au kusikia yasiyokuwepo, jambo ambalo daktari wa Ulaya angeliuliza mapema kabisa, lilitajwa kwa nadra. Ni kawaida ya nyumba kuhesabu kile kinachovunja maisha ya pamoja, na sauti anazozisikia mtu kichwani mwake hazivunji kitu hadi atakapozitii.

Walitofautiana kwenye chanzo. Wapokoti na Wasebei walisema zaidi juu ya mdudu anayeingia katika ubongo, na hawakuwa na tumaini kubwa la kupona; Wahehe na Wakamba walitaja uchawi, na kwao kupona kuliwezekana. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu watu wengi huzungumzia imani za Waafrika juu ya wazimu kana kwamba ni kitu kimoja, na kana kwamba uchawi ndio uliokuwa ufafanuzi. Kumtambua mgonjwa na kueleza kwa nini ameugua ni kazi mbili. Evans-Pritchard alilionyesha hilo mwaka 1937 katika kitabu chake juu ya Wazande, ambao baadhi yao ni majirani wa Ituri upande wa kaskazini-magharibi: Mzande anajua kabisa kwamba mchwa ndio waliokula nguzo za ghala likaanguka, uchawi unajibu kwa nini lilianguka saa ile, juu ya watu wale. Vivyo hivyo mtu anayeupeleka ugonjwa wa ndugu yake kwa mganga, au katika vyumba vya maombi vya Bunia vya leo, mara nyingi ameshaona kwa macho yake dalili zilezile ambazo daktari angeziandika. Anachokwenda kuuliza ni swali lingine.

Sitaki kuipamba nyumba hiyo. Hata pale, aliyekuwa na mamlaka ya kusema huyu anaumwa kwa sababu fulani alikuwa na maslahi yake. John Middleton, aliyeishi na Walugbara upande wa Uganda kati ya 1949 na 1952, alieleza jinsi maradhi yalivyokuwa silaha ya wazee. Mtu wa ukoo akiugua, mzee aliweza kudai kwamba yeye ndiye aliyemshtaki kwa mizimu kwa utovu wa adabu. Ramli ikimkubalia, hadhi yake ilipanda, na wapinzani wake nao waliweza kumgeuzia kibao wakamwita mchawi. Walugbara haohao wako pia upande wa Kongo, katika wilaya ya Aru, kaskazini mwa Bunia. Na ni Aru ambako, Juni 2001, vijana walizunguka vijijini wakiwaua watu walioshutumiwa kwa uchawi. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia ndani ya wiki chache. Yeyote anayedai kwamba tungeacha tu mambo ya akili mikononi mwa mila na yote yangekuwa salama lazima aijibu Aru. Familia inaweza kuwa na jicho zuri la kumtambua anayeteseka, kisha ikamkabidhi kwa maelezo yanayoua mtu mwingine.

Ulaya nayo ilikuwa na giza lake, na mji wa Ghent uliotuletea lile dodoso ni mfano mzuri. Mwanzoni mwa karne ya 19 wanaume walioitwa wendawazimu walifungwa minyororo mjini humo, katika chumba cha chini cha ngome ya kale. Padre Peter Joseph Triest, aliyeanzisha shirika la mabruda wa Frères de la Charité mwaka 1807, ndiye aliyewachukua na kuwatunza, na daktari Joseph Guislain aliyefanya kazi naye akawa mmoja wa waliosisitiza kwamba hao ni wagonjwa wanaostahili mpango wa tiba. Shirika hilohilo ndilo linaloendesha kituo cha Lubumbashi chenye jina la Guislain, Sosame ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma. Minyororo basi si alama ya bara moja. Huonekana popote ambapo uamuzi pekee unaotafutwa ni usalama wa wengine.

Kifafa kinaonyesha vizuri kuliko ugonjwa wowote jinsi mpaka unavyoweza kuhama. Kwa muda mrefu kiliwekwa pamoja na wazimu, katika hospitali za Ulaya na katika macho ya majirani wa Afrika. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mwanamke kutoka Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanganyika, baada ya kukuta wagonjwa waliotengwa, waliokula peke yao, wenye makovu ya moto kwa sababu mtu akiangukia mekoni wenzake waliogopa kumgusa wasiambukizwe kwa mate yake. Baadaye eneo hilo lilijulikana pia kwa usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yanayokimbia. Mambo hayohayo yalionekana Ituri. Katika zoni ya afya ya Logo, wilayani Mahagi, watafiti akiwemo Michel Mandro wa Ituri na Robert Colebunders wa Chuo Kikuu cha Antwerp walikuta kifafa kingi kuliko kawaida katika vijiji vyenye usubi, mahali ambapo dawa ya ivermectin ilikuwa bado haijagawiwa kwa watu wote. Kinawaanza watoto na vijana ambao walikuwa wazima. Mahali ambapo nyumba moja ina wagonjwa wawili au watatu, na nyumba za karibu na mto ndizo zinazoumia zaidi, maelezo ya laana ya ukoo huja yenyewe; kwa kweli waliosema laana walikuwa wameona jambo la kweli, kwamba ugonjwa unashika nyumba fulani na kuziacha nyingine. Walikosea chanzo tu. Kosa hilo limewagharimu watoto shule, ndoa na hata maisha, na dawa ya kuzuia usubi imekuwepo tangu miaka ya 1980.

Mtu anaweza kunishika hapa. Ikiwa kifafa kilitoka kwenye laana kikaingia kwenye minyoo, je, si ushahidi kwamba elimu ndiyo inayochora mpaka, na kwamba maradhi mengine ya akili yatafuata njia hiyo moja baada ya jingine? Kwa kifafa, ndiyo, na ni ushindi wa kufurahia. Lakini angalia kilichotokea: kilipopata chanzo kinachoonekana, kiliondolewa kwenye maradhi ya akili kikapelekwa kwa madaktari wa neva. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wazimu wa kaswende mara dawa ilipopatikana. Kinachobaki chini ya jina la ugonjwa wa akili ni yale ambayo bado hayana kipimo cha damu wala picha ya kuyathibitisha, na ambayo kwa hiyo hutegemea hukumu ya mtu juu ya mwenendo wa mtu mwingine. Hapo ndipo historia inapotakiwa kuwa macho, kwa sababu hukumu hiyo imewahi kutumiwa vibaya mno. Mwaka 1851 daktari wa Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayetoroka kwa bwana wake ana ugonjwa wa akili, akaupa na jina la kitaalamu.

Ukoloni wa Afrika yetu haukufika kwenye upuuzi huo waziwazi, ila ulisogea karibu nao. Ituri ilikuwa chini ya Wabelgiji. Tangu dhahabu ya Kilo ilipogunduliwa mwaka 1903, jambo lililotakiwa kwa mwili wa Mwafrika hapa lilikuwa kazi ya mgodini, njia na kodi. Nadharia ya akili ya Mwafrika iliyosikika sana ilitoka ng'ambo ya maziwa, Nairobi. Daktari J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1938 akiwa hana mafunzo maalumu ya maradhi ya akili, akakaa huko hadi 1950, kisha mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na alishikilia kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika kwa kuwa hawana mzigo wa kujilaumu. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilimtumia kueleza uasi wa Mau Mau kama jambo la saikolojia. Wakulima waliodai ardhi yao wakageuzwa wagonjwa.

Kosa la Carothers halikuwa ubaguzi tu, ingawa ubaguzi ulikuwepo. Alihesabu wale waliofika Mathari, na Mathari waliletwa waliosumbua: waliopiga watu, waliovua nguo sokoni, waliokamatwa na polisi. Mwanamke aliyeacha kupika, aliyekaa kimya ukutani akijiona hafai, hakumsumbua mkuu wa wilaya, kwa hiyo hakuwepo katika hesabu. Alikuwa mahali pengine. Margaret Field, aliyefanya kazi kwenye vituo vya waganga vijijini nchini Ghana na kuchapisha kitabu chake mwaka 1960, aliwakuta wanawake wengi wenye sonona kali waliokuja wenyewe kukiri kwamba wao ni wachawi na wamewaua watoto wao. Kujilaumu kulikojaa namna hiyo kungemtosha Carothers, kama angekwenda huko. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walilinganisha vijiji viwili vya Uganda na mtaa wa Camberwell wa London, wakakuta sonona nyingi zaidi Uganda. Miaka mingi Waafrika walikuwa wakiambiwa kwamba hawana huzuni ya kuugua, kwa sababu aliyehesabu alikuwa na haja na wakorofi peke yao.

Sasa turudi kwenye kiwewe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari waliotetemeka na kushindwa kusema waliitwa wagonjwa au waoga kutegemea nani aliwahukumu. Waingereza walipiga risasi askari wao 306 kwa kutoroka, woga na makosa yanayofanana na hayo, na msamaha ulikuja mwaka 2006. Ugonjwa wa kiwewe wenyewe uliingia katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya madai ya muda mrefu ya askari waliorudi kutoka Vietnam na madaktari waliowaunga mkono. Walihitaji tiba na malipo, na bila jina la ugonjwa hawangepata. Kwa sababu hiyo daktari Derek Summerfield wa Uingereza amesema kwamba jina hilo lilibuniwa kwa mahitaji ya jamii fulani, na kulipeleka kwa watu wa vita vya Afrika ni kugeuza dhuluma kuwa tatizo la kichwa cha mtu mmoja mmoja. Onyo lake ni la haki. Aliyechomewa nyumba wilayani Djugu, hapa Ituri, anahitaji nyumba na haki kabla ya dodoso.

Lakini onyo hilo halimalizi mjadala, na ushahidi wa kulirekebisha umetoka hapahapa. Uchunguzi wa Wim Veling na wenzake juu ya Ituri, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba dalili za kiwewe zinaandamana na kushindwa kufanya kazi za kila siku, hata vita vikiwa bado vinaendelea. Kama dalili zote zingekuwa kinga ya akili timamu mbele ya hatari, aliye nazo nyingi asingeshindwa kulima na kutunza watoto kuliko mwenzake asiye nazo. Hapa takwimu na familia zimekutana. Dalili peke yake, kama ndoto mbaya au moyo kwenda mbio, zinaweza kumpata karibu kila mtu wa Bunia. Kinachomtenga mgonjwa ni kwamba maisha yamemponyoka. Kwa hiyo naisoma asilimia 52 ya mwaka 2009 kama kipimo cha maumivu ya kizazi kizima, na si kama idadi ya wagonjwa wanaongojea vitanda. Dodoso linaweza kusema nani aulizwe zaidi. Haliwezi kusema nani anaumwa mpaka mtu aulizwe pia anaishije.

Mahali ambapo uzito wa mstari huo ulionekana wazi kuliko popote ni The Hague. Tarehe 24 Februari 2003 wapiganaji walishambulia Bogoro, kijiji kilicho kwenye barabara ya kutoka Bunia kwenda Kasenyi, ziwani. Kiongozi wao, Germain Katanga, alitiwa hatiani kwa shambulio hilo na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2014, na tarehe 24 Machi 2017 majaji walitoa amri ya fidia: waombaji 297 kati ya 341 walikubaliwa, kila mmoja akapewa dola 250 za alama, pamoja na misaada ya pamoja ya nyumba, kazi, elimu na huduma ya kisaikolojia. Majaji hawakumdai kila manusura cheti cha daktari. Walichukulia kwamba aliyekuwa Bogoro siku ile, au aliyefiwa na ndugu yake pale, ameumia moyoni. Walitumia busara ya kawaida, naiona ilikuwa sawa. Lakini waombaji watano walikuja na dai jingine: wao ni watoto wa walioshambuliwa, na kiwewe cha wazazi kimepita kwao. Majaji walikiri kwamba huenda vijana hao wanateseka kweli, ila hawakuona imethibitishwa kwamba mateso yanatoka kwenye shambulio hilo. Mahakama ya rufaa ilirudisha suala hilo litazamwe upya mwaka 2018, na Julai mwaka huohuo jibu likawa lilelile: hapana.

Miaka mitatu baadaye mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Bosco Ntaganda, kamanda mwingine wa vita hivyo, ilikubali Machi 2021 kwamba madhara yanaweza kupita kutoka mzazi hadi mtoto, ikieleza njia mbili zinazotajwa na wataalamu, moja ya kibiolojia na nyingine ya malezi ndani ya nyumba iliyovunjika. Rufaa ya 2022 ilidai maelezo zaidi, na Julai 2023 ikatoka amri iliyoongezewa, yenye jumla ya dola 31,300,000. Sayansi haikuwa imebadilika kiasi hicho kati ya 2018 na 2021. Kilichobadilika ni kesi: majaji walikuwa na mkosaji mwingine, jalada jingine na wahanga wengine. Waliouawa Bogoro wengi walikuwa Wahema, moja ya jamii mbili zilizopigana. Waliouawa katika vijiji vya Kobu na Sangi, katika kesi ya Ntaganda, walikuwa Walendu, jamii ya pili. Mtoto wa Bogoro aliyelelewa na mama asiyelala alikataliwa, na mtoto wa Kobu aliyelelewa hivyohivyo akafunguliwa mlango, katika vita vilevile, mwaka uleule, umbali mfupi kutoka Bunia. Mtu akitaka kuona kwamba mpaka wa maradhi hufuata chombo kinachoamua, asisome nadharia. Aziweke amri hizo mbili mezani pamoja.

Na watoto hao wote wawili, ambao sasa ni vijana, tangu mapigano ya Djugu yalipoanza upya mwishoni mwa 2017, wanaweza kujikuta katika kambi moja ya waliokimbia makwao kandokando ya Bunia, mbele ya muuguzi mmoja. Muuguzi huyo hana jalada la mahakama, na akitegemea dodoso tu atapata majibu yanayofanana kwa vijana wote wawili na kwa majirani zao pia. Atakachohitaji kumuuliza kila mmoja ni kama ameacha shule na tangu lini, kama bado analima au anachuuza chochote, na nani nyumbani anayeweza bado kuzungumza naye.